Monopodi: ni msaada wa kweli au ni fimbo ya kutembelea?

#1 Kamera ya Kayole
Wadau, habari za jioni. Naomba msinicheke kabla sijamaliza.

Mimi hupiga picha za hafla ndogo ndogo: ubatizo, mahafali ya chekechea, mashindano ya kwaya. Kamera ni Nikon D5600 na lenzi ninayotegemea ni ile ya 70-300. Jumapili iliyopita nilikuwa ukumbi fulani wa kanisa huku Eastlands. Kwaya kumi na moja, na mimi nimesukumwa nyuma kabisa kwa sababu mbele ni viti vya majaji na wageni waheshimiwa. Nikavuta hadi 200mm, f/5.6 (tundu la lenzi), ISO 3200 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), shata 1/80 (muda wa kupiga, sehemu ya 80 ya sekunde). Kwenye kioo cha kamera kila kitu kilikuwa kitamu. Kufika nyumbani na kufungua kwa kompyuta, machozi. Nilipiga kama mia nne. Za kumpa mtu na kupokea pesa yake bila aibu hazifiki sitini.

Rafiki yangu mmoja ananiambia ninunue monopodi, ile stendi ya kamera ya mguu mmoja. Mwingine anasema mguu mmoja ni upuzi, ni bakora iliyotiwa skrubu, afadhali nijikaze ninunue tripodi ya miguu mitatu. Nimeona moja ya elfu nne na mia tano. Kwangu hiyo ni karibu kodi ya nyumba. Nitoe?

#2 Konda Mstaafu
Jifya moja haliinjiki chungu. Uzi ufungwe, twende tukalale.

#3 Mzee Filamu
Wewe #2 umesoma methali nusu. Jifya ni moja, sawa, lakini anayepiga picha ana miguu miwili. Jumla ni mafiga matatu. Hujawahi kumwona mchungaji amesimama kutwa kwa mguu mmoja, mwingine ameukunja, na ile fimbo tu? Mbona haanguki?

Kijana wa Kayole, mimi nimestaafu kazi ya gazeti. Michezo ya Afrika ya 1987 pale Kasarani niliibeba kwa lenzi ya 300 juu ya mguu mmoja, kuanzia asubuhi hadi taa zinawashwa. Siku hizo hakukuwa na kitu cha kutuliza lenzi kwa umeme. Filamu ilikuwa ya 400, tunaisukuma hadi 1600 kwenye dawa, na inatoka na chembe kama unga wa dona. Bila ule mguu nisingefika siku ya pili, mabega yangekataa.

Na hiyo ndiyo siri yake, watu wasikudanganye. Monopodi inakubebea uzito. Mkono uliochoka hutetemeka, na mkono usiochoka hutulia. Basi.

#4 Shabiki wa Kasarani
Heshima zako mzee, lakini huyu hana lenzi ya kilo tano. Ana kilenzi cha plastiki unachoweza kubeba kwa kidole. Uzito gani abebewe? Monopodi ni ya wale wa pembeni mwa uwanja wenye mizinga ya 400mm f/2.8. Siku Omanyala alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Nyayo 2021, wapiga picha wote kwenye mstari wa kumalizia walikuwa nayo, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anapigania 1/80. Walikuwa 1/1000 na zaidi. Mguu ulikuwa wa kupumzisha mzigo tu.

Kijana, pandisha ISO hadi 6400, shata 1/250, weka elfu nne yako mfukoni.

#5 Lenzi Kuukuu
#4 jina lako ni Shabiki wa Kasarani na bado unaipeleka 9.77 Nyayo? Ilikuwa Kasarani, tarehe 18 Septemba 2021. Na siku hiyo alikuwa wa pili, Bromell alishinda kwa 9.76. Badilisha jina.

#6 Shabiki wa Kasarani
Nimekubali kosa. Jina silibadilishi.

#7 Ticha Mwanga
Nafundisha fizikia kidato cha tatu, kwa hiyo mnisamehe, hii itakuwa ndefu.

Kwanza ile kanuni ya kale ya shata: usishuke chini ya moja kwa urefu wa lenzi. Kwa 200mm ni 1/200. Lakini D5600 ina sensa ndogo, unazidisha kwa 1.5, inakuwa 1/300. Yeye alikuwa 1/80. Kwa hiyo alikuwa chini kwa karibu stopu mbili (stopu moja ni muda wa shata kuongezwa mara mbili). Watu wengi husema monopodi inakuokolea stopu moja hadi mbili, wenye mkono mzuri hata tatu. Chukua mbili: 1/300, halafu 1/150, halafu 1/75. Kwenye karatasi ingemtosha.

Sasa, kwa nini inasaidia? Mzee Filamu anasema uzito. Wengine watasema inazuia kamera kupanda na kushuka. Mimi nasema tatizo halisi ni kuinama, yaani pua ya lenzi kuinuka au kushuka huku mgongo wa kamera umebaki palepale. Fanyeni hesabu. Sensa ya D5600 ina upana wa milimita 23.5 na nukta (pikseli) 6000, kwa hiyo nukta moja ni kama milimita 0.004. Kwa lenzi ya 200mm, ukiinua pua yake kwa hiyo hiyo milimita 0.004, picha nzima inahama nukta moja. Unywele wa mtu una karibu milimita 0.07. Yaani sehemu moja ya kumi na saba ya unywele! Lakini ukiishusha kamera yote kwa pamoja bila kuiinamisha, na kwaya iko mita 20, inabidi ishuke karibu milimita 0.4 ndipo uharibu nukta hiyo moja. Mara mia zaidi.

Ndiyo maana mguu unafaa. Mkononi, kamera inazunguka kwenye kifundo cha mkono, sentimita chache tu. Juu ya monopodi inazunguka ikiegemea ardhini, mita moja na nusu chini. Mtetemo uleule wa mkono unazaa pembe ndogo zaidi. Ni wenzo, kama ule wa darasani.

#8 Konda Mstaafu
Ticha, mimi nilikuwa darasa lako. Bado sijaelewa.

#9 Bi Harusi
Mimi navideo harusi na ruracio, mwaka wa tisa sasa. Ticha amesema vizuri lakini ameruka kitu. Mguu mmoja hautetemeki juu-chini, kweli. Lakini unalala kushoto na kulia, na unajizungusha kama mwiko kwenye sufuria. Hivyo viwili hauvizuii hata kidogo! Ndiyo maana mtu ananunua, anapiga, upeo wote umelala upande kama matatu iliyopasuka tairi, anarudi hapa kulia.

Yangu ina vidole vitatu chini, vinakunjuka kama mguu wa kuku, na juu ina kichwa cha mafuta cha kuzungusha polepole. Kwa video ya 25 kwa sekunde shata yangu ni 1/50 na haibadiliki, sina pa kukimbilia kama nyinyi wa picha. Kwa hiyo mimi bila mguu sina kazi. Na kwenye hema la ruracio ukileta tripodi, mashangazi watajikwaa hapo hadi jioni. Mguu mmoja unapenya katikati ya viti, unakunja, unahama.

Tahadhari: hata ile ya vidole vitatu usiiache peke yake. Niliiacha dakika moja nikachukue soda. Kamera ikaanguka kifudifudi mbele ya bwana harusi. Video ipo, na sauti yangu imo.

#10 Mbongo South B
Jamani wakuu, salamu kutoka kwa mgeni wenu. Wakenya mnaweza kuandika kurasa tatu juu ya fimbo. Huku mnasema "navideo"? Haya, tuendelee.

Swali kwa mwenye uzi: hiyo picha mbovu ni mbovu vipi? Maana picha inaharibika kwa njia tatu na watu wanaziita zote "imetikisika". Tazama ukuta wa nyuma. Ukuta na waimbaji wote wamefifia, mkono wako ulitikisika. Ukuta uko safi na waimbaji wamefifia, wao ndio walicheza, na hapo hata ukiifunga kamera kwenye nguzo ya jengo la KICC hutapona. Kuna kitu kimoja mbele au nyuma kiko safi na nyuso hazipo, basi fokasi ilikosea mahali. Dawa tatu tofauti. Mganga hatoi dawa kabla ya kumwangalia mgonjwa.

#11 Kamera ya Kayole
Mkuu #10, asante sana. Nimekaa nazo usiku huu. Kuna bango nyuma limeandikwa jina la mashindano. Katika nyingi bango linasomeka vizuri, nyuso ziko nusu nusu, mikono imekuwa moshi. Walikuwa wanapiga makofi na kuyumba. Lakini kuna kama mia moja na kitu ambapo bango lenyewe limevutwa, herufi zina kivuli.

#12 Shabiki wa Kasarani
Aha! Mikono moshi! Niliwaambia. Shata 1/250.

#13 Bi Harusi
Hebu #11 tuambie, bango limevutwa kwenda juu au kwenda upande?

#14 Kamera ya Kayole
Upande. Kushoto kwenda kulia.

#15 Bi Harusi
Basi hapo monopodi ya kawaida isingekuokoa, ndiyo hiyo ya mwiko kwenye sufuria.

#16 Ticha Mwanga
Sikubaliani kabisa, dada. Upande inasaidia pia, ila kidogo zaidi. Kiatu cha mpira kinashika sakafu, kuna msuguano.

#17 Lenzi Kuukuu
Kwa sakafu ya vigae iliyopigwa deki asubuhi msuguano uko wapi, Ticha?

#18 Nyange wa Karura
Nimechelewa, nilikuwa nje ya mtandao. Mimi ni wa ndege: Karura, Arboretum, na mbuga ya Nairobi nikipata gari. Nimetumia monopodi miaka sita na naona wote mnazunguka jambo.

Mguu haufanyi chochote cha ajabu. Unakutia adabu tu. Mtu mwenye kamera mkononi anasimama anavyotaka, viwiko nje kama kuku anayekauka, anabonyeza kwa kidole kizima, anapumua katikati. Mpe monopodi, ghafla anasimama vizuri. Viwiko vinaingia ndani, kamera inakandamizwa usoni, anasubiri. Nikikupa fimbo ya ufagio na kukuambia ina siri ndani utapata matokeo yaleyale.

Namna yangu: mguu wa monopodi nauweka mbele kidogo, sio wima, kisha naegemea kwa mbele mpaka nihisi uzito wangu umeingia. Mkanda wa kamera nauzungushia kifundo nauvuta. Natoa pumzi nusu. Nabonyeza kama ninabinya papai kujua limeiva. Napiga tatu nne mfululizo, kwa sababu ya kwanza huwa na mshtuko wa kidole na ya pili au ya tatu hutulia.

Mbugani lakini siitumii. Huruhusiwi kushuka garini ila sehemu zilizotengwa, na ndani ya gari mguu unagusa sakafu inayotetemeka. Huko ni mfuko wa maharagwe juu ya dirisha, injini imezimwa, na kuwaomba wenzako wasitikise gari kila wakisikia simba.

#19 Konda Mstaafu
Nyange, maharagwe au ndengu? Nauliza kwa ajili ya baadaye, safari ikiisha.

#20 Nyange wa Karura
Mchele. Maharagwe nilipika mara moja tulipokwama. Yalikuwa na ladha ya vumbi la Athi.

#21 Mzee Filamu
Nyange asinivunjie heshima. Ningekuwa nakosa adabu ya kusimama, mhariri angenifukuza wiki ya kwanza. Mimi narudia: uzito. Lenzi ya Canon ya 400 f/2.8, ile ya kwanza kuwa na kitulizo, ilikuwa zaidi ya kilo 5. Za sasa hazifiki kilo 3. Ndiyo maana vijana wa leo hawajui mguu unafanya nini, wamepewa vitu vyepesi.

#22 Mpiga wa Ngong Road
Jambo wasee. Kuna faida hakuna aliyeitaja, na ndiyo imenifanya ninunue: askari.

Ukifungua tripodi mjini, hesabu dakika mbili. Askari wa jengo lolote anatokea, "kibali kiko wapi, hii ni ya biashara." Mimi nilifukuzwa mbele ya jengo moja nikipiga jakaranda zimechanua, za barabara ya umma, sio hata jengo lao. Nikarudi wiki iliyofuata na monopodi. Askari yuleyule akaniangalia, akaniuliza mguu wangu unaendelea vipi, akanipa pole. Alidhani ni mkongojo. Nikachechemea kidogo kumpa heshima yake.

Kwenye raga nayo ni raha. Mchezo ukihama unainua, unakimbia, unatua. Na farasi wa Ngong Racecourse: shata 1/60, unamfuata farasi kwa kamera, mandhari yanakuwa mistari na farasi anabaki. Hapo ule mzunguko ambao Bi Harusi anaulaumu ndio unaoutaka! Mguu unazuia juu-chini, unakuachia upande.

#23 Bi Harusi
Haya, hapo umenishinda.

#24 Lenzi Kuukuu
Kijana #1, kuna jambo hatujauliza na ni aibu yetu sote. Hiyo 70-300 yako, ni ile ya AF-P? Maana ziko mbili zenye sura moja, moja ina VR, kile kitulizo cha ndani ya lenzi, na nyingine haina. Zinafanana kama mapacha, tofauti ni herufi mbili tu. Angalia mwilini.

#25 Kamera ya Kayole
Subiri.

#26 Kamera ya Kayole
Hakuna VR.

#27 Shabiki wa Kasarani
😂😂😂

#28 Mbongo South B
Posti ishirini na sita tunamtibu mgonjwa miguu, kumbe hana viatu.

#29 Kamera ya Kayole
Aliyeniuzia alisema inayo. Nilikuwa naenda kwenye menyu nikitafuta mahali pa kuiwasha, nikidhani kamera yangu ni ya soko lingine.

#30 Lenzi Kuukuu
Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: uza hiyo, tafuta ya VR iliyotumika, ongeza kidogo. Kitulizo cha ndani ya lenzi hudaiwa kuokoa stopu tatu hadi nne, na kinafanya kazi pande zote mbili, juu na upande. Hakichukui nafasi kwenye matatu. Monopodi mwaka huu ni kama kununua taa ya chemli na stima ipo.

#31 Mzee Filamu
Na stima ikipotea?

#32 Ticha Mwanga
#30, "hudaiwa" ndilo neno. Vipimo hivyo hufanywa maabara, kwenye mashine inayotikisika kwa utaratibu. Mkono wa mtu aliyesimama tangu saa mbili asubuhi bila chai si mashine. Pia hakuna anayekulazimisha kuchagua. Unaweza kuwa na vyote.

#33 Shabiki wa Kasarani
Hapana, nilisoma VR lazima izimwe ukiweka mguu, la sivyo inajitafuta na kuharibu picha.

#34 Lenzi Kuukuu
Hiyo ni tripodi iliyokazwa. Maelekezo ya lenzi nyingi za Nikon zenye VR yanasema zima kwenye tripodi, iache ikiwaka kwenye monopodi. Soma kikaratasi kabla ya kukitupa na sanduku.

#35 Mpiga wa Ngong Road
Mimi huzima. Nikiiwasha nikimfuata farasi, picha inaruka ruka kwenye kitundu cha kuchungulia.

#36 Lenzi Kuukuu
Lenzi gani?

#37 Mpiga wa Ngong Road
Ya zamani ya Canon, 75-300.

#38 Lenzi Kuukuu
Hiyo ni ya 1995, lenzi ya kwanza kabisa ya Canon yenye IS, yaani VR ya kwao! Ina umri wa askari wako. Haina ile hali ya pili ya kufuata mwendo, kwa hiyo inapigana na wewe. Zima, uko sahihi, ila usiwafundishe wenye lenzi mpya.

#39 Fundi wa Taa
Nimepita tu. Mnamwambia kijana apandishe shata hadi 1/250 ukumbini. Ukumbi una mirija ya taa? Umeme wetu ni wa hezi 50, taa inapiga mara mia kwa sekunde. Kwa 1/250 baadhi ya picha zitatoka njano na nyingine kijani, kila moja na rangi yake. Mirija hutaka 1/100.

#40 Kamera ya Kayole
Ni mirija. Kwa hiyo taa inataka 1/100, mikono ya kwaya inataka 1/250, lenzi yangu inataka 1/300 na mfuko wangu hautaki kitu. Nifanyeje jamani?

#41 Konda Mstaafu
Waambie waimbe nyimbo za polepole.

#42 Mbongo South B
Utani kando, #41 amesema neno. Mwimbaji ana nukta anazotulia. Mwisho wa mstari, kabla ya kuvuta pumzi, mikono inafika juu na kusimama kidogo. Ukiijua nyimbo unaipiga hapo, hata 1/100 inatosha. Na ndipo monopodi inapokufaa, kwa sababu kamera iko tayari machoni bila kuchosha mkono, unasubiri ile nukta. Ukiwa umeishika mkononi dakika nne utakuwa umeishusha ndani ya beti ya pili.

#43 Mzee Filamu
Uzito! Nilisema nini mimi?

#44 Nyange wa Karura
Adabu. Amesema kusubiri.

#45 Ticha Mwanga
😅

#46 Dada Roysambu
Habari. Nimesoma uzi wote nikaenda mtaa wa Luthuli leo nikaomba monopodi kwenye duka moja. Nimepewa fimbo ya selfi yenye kitufe cha rangi ya waridi. Nikamwambia siyo hii. Akanionyesha sanduku, limeandikwa "Monopod" kwa herufi kubwa. Nimelipa soo tano. Kamera yangu ni ya kilo moja na nusu. Nifanye nini nayo?

#47 Mpiga wa Ngong Road
Usithubutu kuweka kamera hapo! Hiyo hujifinya kama antena ya redio. Mpe mtoto wa jirani.

Siku nyingine jibu lao ni hili: uliza "stendi ya mguu mmoja ya kamera kubwa". Kabla ya kulipa, ifungue yote, kaza vifungio, halafu ikandamize chini kwa uzito wako. Ikiteleza hata kidogo, rudisha. Vifungio vya kubana kwa kidole ni vya haraka. Vile vya kuzungusha vinakaza vizuri lakini vumbi likiingia vinakwama. Na hakikisha ikifunguka yote inakufikia machoni ukiwa umesimama, la sivyo utapiga harusi nzima umeinama.

#48 Lenzi Kuukuu
Na kichwa cha gololi, kile kinachozunguka pande zote, usinunue. Ukilegeza, kamera inadondoka kama kichwa cha mlevi. Cha kuinama mbele na nyuma tu kinatosha.

#49 Fundi wa Taa
Kwa asiye na pesa: skrubu ya robo inchi, ile inayoingia chini ya kamera, na kamba ya manila mita mbili. Funga kamba kwenye skrubu, ncha nyingine fanya kitanzi, kanyaga, vuta kamera juu hadi kamba ikaze. Juu-chini imekufa hapo hapo. Mafundi wa Gikomba watakupa skrubu kwa bei ya chapati.

#50 Kamera ya Kayole
Hiyo naijaribu kesho. Mzee Filamu amenitumia ujumbe pia, ataniazima mguu wake wa zamani. Asante mzee wangu.

#51 Kamera ya Kayole
Wadau, nimerudi. Tulikutana Arboretum na Mzee Filamu Jumamosi, nikapiga kibao kimoja cha jina la mti, 200mm, shata 1/80, picha ishirini kila namna. Mkononi: safi 5. Kamba ya Fundi wa Taa: safi 11. Monopodi ya mzee: safi 13. Halafu mzee akaniambia nisimame vizuri, viwiko ndani, pumzi nusu, mkononi bila kitu chochote: safi 10.

#52 Nyange wa Karura
Nimenyamaza. Someni hiyo ya mwisho.

#53 Ticha Mwanga
Ishirini ni chache mno, na ya mwisho ulikuwa tayari umeshapata mazoezi ya sitini. Mpangilio ulipaswa kuchanganywa. Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekurudisha.

#54 Mzee Filamu
Na alifanya asubuhi akiwa amepumzika. Mrudishe saa kumi jioni baada ya kwaya kumi na moja, tuone kama hiyo 10 itakuwepo. Kijana, mguu kaa nao hadi Desemba. Ule mpira wa chini umeisha, mtafutie kipande cha malapa ya tairi.

#55 Lenzi Kuukuu
Kamba 11, mguu 13. Tofauti ya picha mbili kwa elfu nne na mia tano. Nasema tu.

#56 Bi Harusi
Zile mbovu za monopodi zilivutwa upande gani?

#57 Kamera ya Kayole
Dada, upande. Saba zote.

#58 Bi Harusi
Asante. Sina la ziada.

#59 Kamera ya Kayole
Jambo la mwisho. Mwalimu wa kwaya ile amepiga simu. Nilimtumia picha zote kwa haraka, na mbovu zikaingia bila mimi kujua. Anataka moja ya kuweka kwenye bango la mkesha wao. Amechagua ile ambayo bango liko safi na mikono yote imekuwa moshi. Anasema hiyo ndiyo inasikika.

#60 Shabiki wa Kasarani
Inasikika?

#61 Kamera ya Kayole
Ndivyo alivyosema. Kalipa.

#62 Dada Roysambu
Hiyo fimbo yangu ya waridi bado ipo, kama kuna anayeihitaji. Niko Roysambu, jioni.